UCHORAJI NA MUZIKI SI MCHEZO WA SHULENI

Mtoto akirudi nyumbani na karatasi aliyochora ng'ombe, baba huitazama, hutabasamu, kisha huuliza, "Na hesabu umepata ngapi?" Swali hilo si baya, maana hesabu ni nguzo ya elimu. Lakini ndani yake mna wazo walilo nalo wazazi wengi, ya kwamba kuchora na kuimba ni mambo ya kupitisha wakati tu, wala hayamfai mtu atafutaye kazi.

Wazo hilo yafaa lipimwe. Tangu Januari 2026 mwanafunzi wa Kenya aingiaye Gredi ya 10 hushika njia moja katika tatu: ya sayansi na ufundi, ya elimu ya jamii, au ya sanaa na michezo. Mzazi asiyejua maana ya njia hiyo ya tatu hawezi kumpa mwanawe shauri jema.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1937 Bi. Margaret Trowell alianza kufundisha watu kuchora katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Darasa hilo dogo likakua hata likawa shule ya sanaa ya Makerere. Gregory Maloba wa Kenya alijifunza huko uchongaji, kisha akawa mwalimu. Mnara wa Uhuru uliojengwa Kampala mwaka 1962 ni kazi ya mikono yake.

Sam Ntiro, mzaliwa wa nchi ya Wachaga, alisoma Makerere, akaenda London kuongeza elimu yake ya uchoraji. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye ndiye aliyepelekwa Uingereza kuwa balozi wake wa kwanza. Elimo Njau naye alichora picha kubwa katika kuta za kanisa la Murang'a, akaonyesha maisha ya Yesu katika nchi ya vilima na migomba. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi.

Katika muziki, mfano mkubwa ni Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Walioutengeneza walikuwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mama aliyeimba wimbo ule kando ya Mto Tana hakuhitaji shule. Lakini ili uchezwe na bendi na kuimbwa na kwaya kwa sauti mbalimbali, walihitajika watu waliosoma muziki.

KAZI YENYEWE

Masomo haya si mepesi. Katika mtihani wa KCSE, mwanafunzi wa sanaa na usanifu huandika majibu ya nadharia, huchora mbele ya msimamizi, na tena hutengeneza kazi moja kwa muda wa majuma kadhaa. Wa muziki hupiga chombo au kuimba mbele ya mtahini, husikiliza sauti na kuziandika kwa noti, kisha huulizwa habari za historia na kanuni za muziki.

Usanifu hasa humgusa mkulima. Asali safi ikitiwa katika chupa chafu isiyo na jina, mnunuzi huipita akachukua ile iliyo karibu nayo, yenye karatasi nzuri iliyochapwa. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini sharti kwanza kionekane. Aliyejifunza kupanga herufi, rangi na nafasi ndiye afanyaye kionekane.

MATATIZO YALIYOPO

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na muziki vilifundishwa na kutahiniwa katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaondolewa katika mtihani, na katika shule nyingi saa zake zikapewa masomo mengine, kwani kisichotahiniwa husahauliwa upesi. Kwa hiyo watoto wengi wamefika sekondari bila kushika brashi. Zaidi ya hayo, rangi, karatasi na vyombo vya muziki vina gharama, na kazi baada ya shule haina ahadi. Wako wasanii wanaoishi vizuri, na wako wanaohangaika.

SHAURI KWA WAZAZI

Si kila shule ya sekondari ya juu iliyo na njia ya sanaa. Yafaa mzazi aulize mapema, kabla mtoto hajachagua shule akiwa Gredi ya 9: Je, mwalimu yuko? Chumba cha kazi kiko? Vyombo viko? Na ajue kwamba mwanafunzi wa sanaa haachi Kiingereza, Kiswahili wala hesabu.

Tena asimsukume huko mtoto kwa sababu tu ameshindwa na sayansi, wala asimzuie mwenye kipawa kwa kuona haya mbele ya majirani. Na atazame kile mtoto afanyacho bila kuamriwa, jioni baada ya kuchota maji na kufungia mbuzi. Akimkuta anachora au anatafuta sauti katika nyuzi za chombo alichojitengenezea, basi hapo pana jambo. Samaki mkunje angali mbichi.