Chupa ya « asidi amino »: tuelewe kwanza, tulipe nyuma



Saizoni hii kooperative moja ya viazi, huko milimani, iliniita mbio mbio. Mchuuzi alikuwa amewaletea chupa za dawa ya kupulizia majani, na kwenye lebo imeandikwa « asidi amino ». Aliwaambia: wenye sayansi wamepata asidi amino inayozuia mildiu, na ndiyo hii. Komite ilikuwa tayari kutoa makuta yote ya sanduku. Mama mtunza sanduku ndiye alikataa kutia sahihi mpaka agronomu afike. Alifanya vizuri, maana maneno ya mchuuzi yalikuwa ukweli nusu.

Nusu ya ukweli ni hii. Iko kweli asidi amino moja inayoitwa BABA, yaani asidi beta-aminobutiriki. Ni unga mweupe unaoyeyuka katika maji. Mwili wa mtu, mnyama na mmea unajenga protini zake kwa asidi amino 20 za kawaida. BABA haimo kati ya hizo. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba mmea uliopewa BABA unashindana na magonjwa vizuri zaidi. Katika miaka ya 1990 walionyesha hivyo kwa nyanya na mildiu, ugonjwa ule ule unaotumalizia viazi.

Namna gani inafanya kazi? BABA haifanyi kama dawa ya kuua kijidudu. Inaamsha mmea. Katika laboratuari wanachukua mimea miwili sawa sawa. Mmoja wanaumwagia maji yenye BABA kwenye udongo, mwingine maji matupu. Kiisha wanaweka mildiu kwa yote miwili. Ule ulioamshwa unakuwa kama mlinzi asiyelala: kijidudu kikijaribu kutoboa jani, unajenga haraka ukuta mdogo pale pale. Ule mwingine unachelewa, na jani linaoza. Mwaka 2014 watafiti walitambua protini ndani ya mmea inayoipokea BABA, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba mimea yenyewe inatengeneza BABA kidogo sana.

Sasa, nusu ya pili ambayo mchuuzi hakusema.

Kwanza, BABA inauzwa kwa laboratuari, katika chupa ndogo za gramu, kwa utafiti. Si bidhaa ya soko letu.

Pili, ikizidi kipimo, mmea unadumaa. Nguvu ya kukomaa inakwenda kwa ulinzi.

Tatu, « asidi amino » ni jina la jamaa kubwa. Asidi amino za mbolea ya majani ni zile za kawaida. Zinaweza kulisha mmea, lakini si BABA. Kusema ni kitu kimoja ni kama kusema kila jani la kijani ni sombe.

Basi, somo gani tunaleta shambani? Ni hili: mmea unajilinda ukiwa tayari mbele ya ugonjwa kufika. Hayo tunaweza kuyafanya bila laboratuari:

- Tupande mbegu safi, na aina inayovumilia mildiu. Cruza 148 wengi wetu tunaijua.
- Tuache nafasi kati ya mistari, upepo upite na majani yakauke.
- Tung'oe viazi vilivyojiotea vyenyewe; ndimo mildiu inangojea saizoni nyingine.
- Tukitumia mankozebu, tupulizie mbele doa halijaonekana. Inakinga jani zima, haiponyi lililooza. Tufuate kipimo cha lebo, tufunike mdomo na mikono, tusipulizie mvua ikikaribia.
- Tupite shambani kila asubuhi wakati wa mvua na baridi. Doa jeusi lenye ukungu mweupe chini ya jani halingoji: siku chache tu, shamba limekwisha.

Na mtu akileta chupa, tumuulize maswali matatu: ndani mna kitu gani hasa? Imeruhusiwa kwa zao gani? Nani aliijaribu karibu na sisi, na kando yake aliacha mistari bila dawa ili alinganishe? Akishindwa kujibu, makuta yabaki sandukuni.

Ile komite ilirudisha chupa zote. Makuta wakanunua mbegu safi, na mistari miwili waliitenga ya kulinganisha. Tukivuna, tutawaambia.