Maana ya Herufi na Namba Zilizoandikwa kwenye Lenzi ya Kamera

Mkulima wa Ndabibi akienda Naivasha kununua mbolea haridhiki na maneno matupu ya mwenye duka. Hugeuza gunia akasoma. Akiona DAP ajua kuwa hiyo ni mbolea ya kupandia; akiona CAN ajua ni ya kukuzia; na akiona 17:17:17 ajua kwamba vyakula vitatu vya mmea vimo kwa kipimo kilicho sawa. Lakini mtu huyo huyo, au kijana wake, akienda kununua lenzi ya kamera hutazama ukubwa wake tu, kisha akalipa. Kumbe lenzi nayo imeandikwa kama gunia lilivyoandikwa.

Nina mpwa wangu hapa Ndabibi ambaye hulima, na siku za mwisho wa juma hupiga picha. Aliuza mtamba mmoja, akasafiri mpaka Nairobi, akanunua lenzi ndefu iliyokwisha kutumika. Mwuzaji alimwambia kuwa inavuta mbali sana, na katika hilo hakusema uwongo. Jumamosi iliyofuata aliitwa kupiga picha za arusi katika kanisa lenye madirisha madogo. Picha zote za ndani zilitoka na ukungu. Hata pete haikuonekana vizuri. Wenye arusi walikataa kulipa, na walikuwa na haki. Aliponiletea lenzi ile nilisoma mbele yake: 75–300mm 1:4–5.6 Ø58mm. Sababu ya hasara yake ilikuwa imeandikwa pale pale. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Basi na tuzitafute maana hizo moja moja.

NAMBA ZA MILIMITA

Namba iliyo karibu na herufi mm huonyesha urefu wa lenzi kwa hesabu ya mwanga, wala si urefu wa chombo chenyewe. Kanuni yake ni nyepesi: namba ndogo huona mahali papana, namba kubwa huona mahali padogo na kupavuta karibu. Lenzi ya milimita 18 yaweza kuchukua boma zima pamoja na ng'ombe wake. Lenzi ya milimita 300 humvuta punda milia aliye mbali katika uwanda wa Ndabibi, au furukombe aliyetua juu ya mti kando ya Ziwa Naivasha. Namba zikiwa mbili, kama 75–300, maana yake ni kwamba lenzi yaweza kubadilishwa toka urefu mmoja hata mwingine. Lenzi ya namba kubwa ina faida nyingine kwa wakaao karibu na ziwa: mpiga picha hana haja ya kumsogelea kiboko.

NAMBA ZA MWANGA

Hapa ndipo mpwa wangu alipojikwaa. Maandishi 1:4–5.6 yanaeleza tundu la lenzi linapofunguliwa lote. Chukua urefu wa lenzi, ugawanye kwa namba hiyo, nawe utapata upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye 1:2 ina tundu la milimita 25. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na mwanga uingiao ni mwingi.

Namba hizo hufuatana hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila ukipanda hatua moja, mwanga hupungua kwa nusu. Basi lenzi ya 5.6 hupokea robo tu ya mwanga upokewao na lenzi ya 2.8. Palipo na namba mbili, ya kwanza ni ya lenzi ikiwa fupi, ya pili ni ya lenzi ikivutwa mwisho. Mpwa wangu alivuta lenzi yake mpaka 300, na tundu likawa 5.6. Mahali ambapo 2.8 ingetosheka na sehemu moja ya 120 ya sekunde, kamera yake ilihitaji sehemu moja ya 30. Nao mafundi husema kwamba ukiishika mkononi lenzi ya milimita 300, yafaa usizidishe sehemu moja ya 300 ya sekunde, la sivyo mtikisiko wa mkono utaonekana. Ndiyo maana picha zikaharibika.

HERUFI ZA KUTULIZA MTIKISIKO

Ziko lenzi zenye mtambo wa kupunguza mtikisiko wa mkono. Canon huandika IS, Nikon huandika VR, Sony huandika OSS, Tamron huandika VC, na Sigma huandika OS. Lenzi ya mpwa wangu haikuwa na herufi hizo. Lakini ujue kwamba mtambo huo hutuliza mkono wako tu. Bibi arusi akigeuka au ndama akiruka, hauwezi kumtuliza.

ALAMA YA Ø NA ALAMA YA ∞

Alama ya Ø ni upana wa mdomo wa lenzi. Ø58 maana yake ununue kifuniko au kioo cha kukinga vumbi cha milimita 58. Alama ya ∞, iliyo kama nane iliyolala, ni ya kulenga vitu vilivyo mbali kabisa, kama kilele cha Longonot. Herufi AF maana yake kamera hulenga yenyewe. M au MF maana yake wewe ndiwe mwenye kulenga.

JE, ITAINGIA?

Swali hili ni la kwanza kabla ya kutoa fedha. Lenzi za Canon za EF zina kitone chekundu, na za EF-S zina mraba mweupe. Kamera yenye alama zote mbili hupokea zote, lakini kamera yenye kitone chekundu peke yake haipokei EF-S. Kwa Nikon, lenzi yenye herufi DX imetengenezwa kwa kamera zenye kibamba kidogo cha kupokea picha. Kadhalika, kamera ndogo za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 haziwezi kulenga zenyewe zikitiwa lenzi ya AF ya zamani. Zahitaji AF-S au, kwa zile mpya zaidi, AF-P. Tena kamera za RF na za Z, zilizoanza kuuzwa mwaka 2018, zina mdomo wa namna nyingine.

Mpwa wangu hakuitupa lenzi yake. Nje, mchana, yapiga picha nzuri za twiga na punda milia. Kwa kazi ya kanisani aliweka akiba, akanunua lenzi ya milimita 50 yenye 1:1.8, ambayo bei yake ilikuwa chini kuliko ile ya kwanza. Aliwarudia wale wenye arusi, akawapiga picha za jamaa nzima nyumbani kwao bila malipo, nao wakampokea. Lakini picha ya pete hawanayo, wala hawataipata.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kununua lenzi, andika kwanza katika karatasi jina la kamera yako na kazi unayoitaka. Kisha igeuze lenzi uisome kama usomavyo gunia la mbolea. Usipoelewa, uliza kabla ya kulipa, kwani kuuliza si ujinga.