Kichwa cha Luzira

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwape kisa kilichotokea hapa hapa Kampala. Mwaka 1929 wafungwa walikuwa wakichimba juu ya kilima cha Luzira, wakafukua vipande vya udongo uliochomwa. Havikuwa vigae vya chungu tu. Kulikuwa na kichwa cha mtu, na sehemu za kiwiliwili chake. Wataalamu wanakisia umri wake ni kama miaka elfu moja. Leo kimo British Museum, London, na jina la aliyekifinyanga halijulikani.

Lakini jambo moja nalishikilia: fundi yule hakula udongo. Kuna waliolima na kuna waliovua, wakamgawia chakula, naye akapata muda wa kufinyanga.

Ikulu ya Buganda nayo ilijua hivyo. Kabaka, yaani mfalme, alikuwa na wafinyanzi wake, bajoona, waliotengeneza vyombo vyeusi vinavyong'aa. Weusi ule ni grafiti, madini yale yale yaliyomo ndani ya penseli zenu.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mfinyanzi huchimba udongo bondeni, akatoa mizizi na mawe, akaukanda, akachanganya na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Huviringisha kamba nene ya udongo na kuizungusha, duara juu ya duara, huku akilainisha kwa kipande cha kibuyu. Kisha hukianika kivulini kwa siku kadhaa, maana jua kali likikiwahi kitaingia nyufa. Hukisugua kwa kokoto mpaka king'ae, ndipo akichome kwa nyasi na kuni. Mvua ikinyesha ghafla, jasho la siku zote hizo limepotea.

Halafu mtu anasimama mbele ya chungu hicho, anataka apunguziwe bei hadi nusu! Jerikeni ya plastiki anailipia bila neno. Linaniuma sana jambo hili. Jerikeni haipozi maji. Mtungi hupoza: maji kidogo hupenya kwenye vitundu vyake visivyoonekana, yakafika nje, yakageuka mvuke na kuondoka na joto. Bibi zetu walikunywa maji baridi kabla umeme haujafika kijijini.

Si kwamba hatufundishi mafundi. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere, na shule iliyotokana na madarasa yale ingali inatoa wasanii. Ila shule peke yake haitoshi. Mhitimu asipopata wanunuzi ataacha udongo, aende akaendeshe bodaboda.

Basi mkipata pesa ya zawadi, waombeni wazazi wawapeleke soko la kazi za mikono, au kwa mfinyanzi mwenyewe. Mwamkieni, mumuulize udongo wake ameutoa bonde gani na amechoma kwa kuni zipi. Kabla ya kulipa, gongeni ukingo wa chungu kwa kidole. Kikilia kwa sauti kali, kimeiva. Kikilia kwa sauti butu, huenda kina ufa. Mwombeni awape kingine.