Dawa ya Uchungu Isiyo na Kipimo

Mnyonyo hauhitaji kupandwa. Huota wenyewe pembeni mwa shamba na kwenye jalala, Sindeni kama kwingineko Handeni na Korogwe, na mafuta ya mbegu zake yanajulikana tangu zamani kwa kazi mbili: kuharisha na kuharakisha uchungu wa uzazi. Tukibishana juu ya dawa za namna hii tunauliza kama zinafanya kazi kweli au ni imani tu. Nadhani hapo tunapoteza muda. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kuwa mafuta ya nyonyo yakimeng'enywa hutoa asidi inayogusa vipokezi vya prostaglandini, kemikali ambazo mwili wenyewe huzitumia, mithili ya homoni, kuubana mji wa mimba. Panya waliozaliwa bila vipokezi hivyo, mafuta hayakuwafanya lolote.

Kongo kuna mfano mkubwa zaidi. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wajifungue upesi. Ndani yake ilipatikana protini ndogo iliyojifunga mviringo, isiyoharibika hata ikichemshwa. Mwaka 2013 ikabainika kuwa protini za jamii hiyo hushika vipokezi vya oksitosini, homoni ya uchungu yenyewe. Basi hatari ya dawa hizi imo katika nguvu zake.

Kuna watakaouliza: hospitali nayo si inaongeza uchungu, mbona dawa ya asili ndiyo ilaumiwe? Tofauti iko kwenye kipimo. Dripu ya uchungu huhesabiwa matone, mkunga akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na uchungu ukizidi inafungwa na nguvu yake hupungua baada ya muda mfupi. Kikombe kikishanywewa hakifungwi. Nguvu yake hubadilika kwa udongo, msimu na mkono wa mchemshaji, na kwa mama aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi, mji wa mimba unaweza kuchanika. Wengine watasema bibi zetu walikunywa wakazaa salama. Ni kweli, ila tunaowasikia ni waliopona. Linalonitia hofu zaidi ni usiri: mama anaogopa kufokewa, ananyamaza, kisha anawekewa dripu juu ya dawa ambayo bado iko tumboni. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili, kwa hiyo hakuna haja ya kuificha. Nesi aulize kwa upole, na mama ajibu bila woga.

Kwa anayetafuta mtoto, mambo ni tofauti kabisa. Anaambiwa ana chango, maradhi ya tumbo yanayosemwa kuzuia mimba, anapewa mizizi miezi na miezi. Lakini uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa Afrika ugumba wa wanawake ulitokana sana na maambukizi, hasa yale yanayoziba mirija, na kovu la mrija haliyeyushwi na dawa ya homoni, iwe ya porini au ya duka la dawa. Huku anayekunywa mizizi ni mke peke yake, ilhali tatizo laweza kuwa kwa mume. Kupima mbegu za kiume ni rahisi kuliko kuchunguza mirija, kwa hiyo kipimo hicho ndicho kingetangulia.