Samaki Aishiye Ndani ya Magadi

Mama apikapo maharagwe makavu hutia magadi kidogo ili yaive upesi. Akizidisha kidogo tu, watoto huzisukuma sahani kando. Sasa hebu fikiria samaki ambaye huzaliwa, hula na kuzaa ndani ya magadi yenyewe, tena ya moto!

Samaki huyo yupo papa hapa nchini, katika Ziwa Magadi, Kajiado, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi. Wataalamu humwita Alcolapia grahami. Ni wa jamii ya ngege, lakini usitarajie akujaze sufuria, kwani wengi wao hawafikii urefu wa kiganja. Ana mwili bapa na pezi refu la mgongoni lenye miiba. Dume huchimba kishimo mchangani na kukilinda kwa ukali, naye jike huatamia mayai kinywani mwake.

Makao yake si ziwa zima, maana sehemu kubwa imeganda magadi meupe. Huishi kwenye vidimbwi vya kando vinavyolishwa na chemchemi, ambako joto hupita nyuzi 40. Hapo hula mwani.

Ajabu kubwa imo mwilini mwake. Samaki wengi hutoa uchafu wao kama amonia, ambayo hupenya kwenye matamvua na kupotelea majini. Katika maji makali kama ya Magadi, amonia haitoki kwa urahisi. Ingebaki mwilini na kumuua. Mwaka 1989 watafiti, akiwemo Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi, walieleza katika jarida la Nature kwamba samaki huyu huigeuza amonia yote kuwa yurea, kama ile iliyomo katika mkojo wa binadamu. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, na si ajabu kwamba haachi kula mchana kutwa.

Usiku kuna taabu nyingine. Mwani huacha kutoa oksijeni jua likizama, na maji hubaki karibu bila hewa. Hapo samaki hupanda juu na kugugumia hewa, nacho kibofu chake cha hewa hufanya kazi ya pafu.

Miaka ya 1950 na 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Sijui mbu walijali kiasi gani, lakini mwari walifurahi: walimiminika Nakuru kwa maelfu kumla.

Kwao Magadi hali si ya kutuliza moyo. Samaki huyu amo katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani. Vidimbwi vyake ni vichache, na chemchemi hutegemea maji ya chini ya ardhi. Chemchemi moja ikikauka, samaki waliomo hawana pa kukimbilia, kwa kuwa kati ya kidimbwi na kidimbwi kuna magadi makavu tu.