Ghala Lililogeuzwa Mkaa

Machi 1867 Bunge la Marekani liliidhinisha upimaji wa ardhi kandokando ya latitudo ya 40, kuanzia mpaka wa California kuelekea mashariki. Kazi alikabidhiwa Clarence King, kijana wa miaka 25. Nyanda za juu za Nevada, kame na zenye watu wachache, ziliwatesa wapimaji tangu mwaka wa kwanza: homa iliwalaza wengi karibu na mto Humboldt, na radi ikampiga King kileleni akiwa kwenye chombo chake cha kupimia. Walipima miinuko kwa barometa, wakaunganisha kilele na kilele kwa pembetatu. Ushupavu huo unastahili heshima. Hata hivyo ramani sahihi nayo hujibu swali la aliyeiagiza, na swali lenyewe halikufichwa: kitabu cha kwanza cha upimaji huo, mwaka 1870, kilihusu migodi, hasa madini ya fedha ya Comstock, Nevada, yaliyogunduliwa 1859.

Atatokea wa kupinga kwamba msafara ulikuwa na mtaalamu wa mimea, Sereno Watson, ambaye kazi yake ilichapishwa 1871. Ni kweli, na ni hazina. Lakini kuorodhesha mti ni jambo moja, kujua unamlisha nani ni jambo jingine. Mbegu za misonobari midogo ya vilima vile, zilizokusanywa kabla ya theluji, ndizo zilizowavusha Washoshone, wenyeji wa nchi hiyo, majira ya baridi. Msitu ulikuwa ghala lao. Kwa tanuri za kuyeyushia madini mjini Eureka, Nevada, msitu uleule ulikuwa mkaa, na haikupita miaka mingi vilima vilivyouzunguka mji vikabaki vipara.

Hoja kwamba watu hao walikuwa wachache mno kumiliki nchi yote hiyo hainishawishi. Anayefuata chakula kwa majira huhitaji nchi pana. Bonde lisilo na moshi mwezi Julai lina wenyewe mwezi Oktoba. Mkataba wa Ruby Valley wa 1863, kati ya Marekani na Washoshone, uliruhusu njia, reli na migodi, wala haukutaja kuuzwa kwa ardhi. Ramani yenyewe haikuwanyang'anya ardhi; iliwaonyesha wageni pa kupita na pa kuchimba, bila kuonyesha wanaingia kwa nani. Karibu karne moja baadaye tume ya serikali iliamua kwamba ardhi ilipotea kwa kuingiliwa kidogo kidogo, ikakadiria fidia ya dola milioni 26. Fedha hizo zilikaa hazina kwa miaka mingi, kwa kuwa Washoshone wengi walikataa kuzipokea. Walisema hawajauza kitu.