Kweli au Si Kweli: Maneno ya Isaka Kuhusu Timu za Katikati ya Msimamo

Isaka haijawahi kuwa na timu ya Ligi Kuu. Ina reli, ina bandari kavu, ina malori yanayosubiri mzigo wa Rwanda na Burundi, na ina mabenchi ya mbao ambako mechi ya juzi huchezwa upya mpaka chai inapoa. Mtu wa hapa huwa na timu mbili. Ya kwanza ni ya Kariakoo, Simba au Yanga, ambayo aliirithi kama alivyorithi jina la ukoo. Ya pili ni ya nyumbani, na hiyo huipenda kwa sauti ya chini, kana kwamba atachekwa.

Ninayoitetea leo ni hiyo ya pili. Tangu 2014 ukanda wetu umepeleka Ligi Kuu timu tatu: Stand United ya Shinyanga mjini, Mwadui ya Kishapu na Geita Gold. Zote tatu zimewahi kumaliza msimu pale katikati, hazikuugusa ubingwa na hazikushuka. Misimu hiyo ndiyo inayosemwa vibaya kuliko yote, na mengi kati ya yanayosemwa si kweli.

“Kumaliza katikati ni msimu wa bure.”

Si kweli. Tazama msimu wa 2015/16. Ligi ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, na tatu za mwisho zinashuka. Shinyanga ilikuwa na timu mbili, Stand na Mwadui, na zote zikabaki. Tanga ilikuwa na tatu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka kwa mpigo. Coastal ni bingwa wa Tanzania wa 1988, timu ya mji uliokuwa unajua mpira kabla sisi hatujaota kuwa na timu ya daraja hilo. Msimu ulipokwisha, mkoa mzima wa Tanga ulibaki bila mechi ya Ligi Kuu ya kwenda kutazama Jumamosi. Sisi kwenye uwanja wetu wa Kambarage, Shinyanga, palikuwa bado na mechi. Anayeita hilo bure akamuulize mtu wa Tanga.

Tena hesabu yake si nyepesi. Timu isiyo na kikosi cha ubingwa inaishi kwa mechi zake 15 za nyumbani. Ikishinda tisa na kutoka sare nne, ina pointi 31. Ugenini ikiokota ushindi mara mbili na sare tatu, inaongeza tisa, inafika 40, na hapo inalala usingizi. Sasa ondoa ushindi wa nyumbani mara tatu tu, kwa sababu kipa kaumia au mishahara imechelewa na vijana wamekunja nyuso. Unabaki na 31, na umeanza kufuatilia matokeo ya wenzako redioni huku mkono uko kifuani. Kati ya timu ya katikati na timu inayoshuka kuna Jumamosi tatu mbaya.

“Stand United ilianzishwa na wapiga debe.”

Kweli, na isionewe haya. Timu ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi Shinyanga, na jina lake linasema hivyo waziwazi. Wapo wanaoiita Wapiga Debe kwa kejeli, lakini wenyewe walilipokea jina hilo kama walivyolipokea lile jingine, Chama la Wana. Mimi naona hapa ndipo timu ilipopata moyo wake. Nchi hii ina timu nyingi za majeshi, za viwanda vya sukari na za halmashauri. Iliyotoka kwa watu wanaoita abiria juani, ikapanda daraja hadi daraja mpaka kukutana na Azam, ni nadra.

“Timu za kwetu zinaogelea kwenye hela ya dhahabu.”

Hili ndilo nimelisikia kuliko yote. Dereva anashusha kontena lake hapa Isaka, anaangalia msimamo wa ligi kwenye simu na kuuliza: nyie mna Bulyanhulu, mna Buzwagi, mna Geita, mna almasi ya Mwadui, mnashukaje daraja? Anadhani dhahabu ikitoka ardhini inapitia uwanjani kwanza.

Si kweli, na kila timu ina habari yake.

Stand haikuwa ya mgodi hata siku moja. Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu na Buzwagi, iliidhamini kuanzia 2015. Kwa mara ya kwanza timu ya stendi ikapata nguvu ya kumleta kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba, na mshambuliaji wa maana, Elias Maguli. Matunda yakaonekana. Lakini mdhamini ni mgeni wa nyumba, hali pamoja nanyi mkigombana. Mwaka 2016 timu iligawanyika, upande mmoja wanachama na upande mwingine kampuni, kila mmoja akidai timu ni yake. Acacia ikafunga mkoba wake ikaondoka.

Geita Gold nayo ilikuwa ya halmashauri ya mji, na mgodi wa GGML ukawa mdhamini. Kuna tofauti kubwa kati ya mwenye timu na anayeichangia. Mwenye timu akikosa hela anauza ng'ombe. Mchangiaji akikosa anaandika barua.

Mwadui pekee ndiyo iliyokuwa ya mgodi kwelikweli, wa Williamson. Na hapo pia ipo funzo kwa yule dereva. Aprili 2020 mgodi ule ulisimamisha uzalishaji, soko la almasi likiwa limeanguka wakati wa korona, na haukuanza tena mpaka nusu ya pili ya 2021. Msimu wa 2020/21 ulichezwa mgodi ukiwa umelala. Mwisho wa msimu huo Mwadui ikashuka. Sisemi hilo peke yake ndilo lililoiangusha, maana uwanjani kuna mengi. Lakini timu iliyofungwa kwenye shina moja huanguka na mti.

“Makinikia ndiyo yaliyoiua Stand.”

Si kweli, ingawa naelewa uvumi huu ulikotoka. Bulyanhulu iko Msalala, halmashauri yetu hii hii, na zuio la Machi 2017 la kusafirisha makinikia, mchanga wenye madini, nje ya nchi liliwagusa wengi wa hapa: madereva, walinzi, wauza chakula. Kila kilichoharibika baada ya hapo kikapewa jina la makinikia. Tarehe lakini hazikubali. Mdhamini alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia, kwa ugomvi wa sisi wenyewe. Na Stand iliendelea kubaki Ligi Kuu misimu miwili mingine bila mgodi.

Iliposhuka ni 2019, na msimu wenyewe uliuma timu nyingi. Ligi ilikuwa imepanuliwa kufikia timu 20, maana yake mechi 38, na msimu huo haikuwa na mdhamini mkuu kabisa. Hesabu safari: Shinyanga kwenda Mtwara kucheza na Ndanda ni karibu kilomita 1,500, kwa basi, ulale, ucheze, urudi, kisha Mbeya mara mbili kwa sababu mji ule ulikuwa na timu mbili. Timu yenye tajiri inapanda ndege hadi Dar. Timu ya wapiga debe inapanda basi.

“Timu za mikoani huwagawia Simba na Yanga pointi.”

Si kweli, na ushahidi ninao wa kutosha. Tarehe 30 Oktoba 2019, Kambarage, Mwadui iliifunga Simba 1-0 kwa bao la Gerald Mdamu. Simba ilikuwa bingwa mtetezi na ilikuwa haijapoteza mechi msimu huo. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2018, Stand ilikwenda Taifa kucheza na Yanga. Alex Kitenge, kijana wa Burundi, alifunga mabao matatu peke yake, na Stand ikafungwa 4-3. Warundi waliokuwa Isaka na malori yao siku zile walilitaja jina la Kitenge kama mtoto wa dada yao. Timu inayogawa pointi haifungi mabao matatu Taifa. Na ndiyo timu hiyohiyo iliyoshuka mwishoni mwa msimu, jambo ambalo bado linaniuma.

Kuna ukweli mdogo uliojificha humu, niuseme. Geita Gold ilipokutana na Yanga Machi 2022, mechi yake ya nyumbani ilichezwa CCM Kirumba, Mwanza. Uwanja mkubwa, viingilio vingi. Kwa timu yenye bajeti finyu, mlango wa Simba au Yanga hulipia safari kadhaa. Ila unapouacha uwanja wako wa Nyankumbu ukavuka maji kwenda Kirumba, unakuta jukwaa limejaa jezi za kijani na njano, na wewe mwenyeji umekuwa mgeni kwako. Hiyo si kugawa pointi. Ni kuuza sehemu ya nyumba ili ulipe kodi, na ningependa viongozi wetu wapime kila mara kama bei inalingana.

“Hawa wanapanga matokeo, tunawajua.”

Niseme kwa uzito unaostahili: kuna mwaka ilikuwa kweli. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Geita na Polisi Tabora zilikuwa zinawania nafasi moja ya kupanda, na mabao yakamiminika kama mvua ya masika. TFF ikazishusha zote madaraja ya chini, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, iliyokuwa imekaa pembeni tu. Mwaka uliofuata Mbao hiyo ikaitoa Yanga nusu fainali ya kombe na kucheza fainali na Simba mjini Dodoma, ikalala 2-1.

Kosa lilikuwa kubwa na adhabu ilistahili. Lakini si haki kulibeba doa la 2016 na kulipaka kila sare ya Geita ya baadaye. Timu ilishuka, ikaanza chini, ikapanda mpaka Ligi Kuu 2021 kwa miguu yake.

“Mchezaji wa timu ya katikati haonekani.”

Si kweli. Maguli alikuwa Stand United alipoifungia Taifa Stars dhidi ya Algeria, Novemba 2015. George Mpole alikuwa Geita Gold alipokuwa mfungaji bora wa ligi 2021/22 kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, na Juni 2022 akaifungia Stars dhidi ya Niger mechi ikiwa haijamaliza dakika mbili.

“Ukishajikita juu ya mstari, uko salama.”

Hapa ndipo uongo unapoumiza, kwa sababu wanaouamini ni wenyewe wanaoongoza timu.

Geita ilianza msimu wake wa kwanza vibaya, chini ya Etienne Ndayiragije, aliyekuwa ametoka kuinoa Taifa Stars. Akaondolewa, akaja Fred Felix Minziro, na timu ikapanda ngazi moja moja hadi nafasi ya nne. Nafasi hiyo ikawapeleka Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 1-0 Sudan na Hilal Al-Sahil, wakashinda 2-1 Dar, wakatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Kwa mji wa Geita hiyo ilikuwa heshima ambayo hakuna aliyeitarajia.

Msimu uliofuata Mpole akaenda Lupopo ya Congo. Timu ikamaliza katikati, na watu wakasema sawa, tupo. Hapo ndipo ningetaka mtu apige kengele. Nafasi ya mfungaji wa mabao 17 haizibwi na kijana wa mkopo. Tarehe 28 Mei 2024, Nyankumbu, Azam ikashinda 2-0 na Geita ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Kutoka Afrika hadi Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ilichukua miaka miwili.

“Zikishuka ndiyo basi, hazirudi.”

Coastal ilirudi. Mtibwa ilirudi baada ya msimu mmoja tu. Na mwaka 2025, katika mechi za mtoano za kuwania kupanda, waliokutana ni Stand United na Geita Gold, stendi na halmashauri, Shinyanga na Geita, wakigombea mlango mmoja. Isaka iko kati ya miji hiyo, na benchi letu lilikuwa na watu wa pande zote mbili. Stand ikapita, ikaenda kuivaa Fountain Gate, ikafungwa na kubaki ilipokuwa. Usiku ule hakuna aliyezungumzia Simba wala Yanga.